Tangi Linaloitikia

1

Chujio liliukataa wimbo wao kwa mara ya tatu mchana wa Jumatano. Wanawake watano wa kikundi cha mtaa wa Chiwondo walikuwa wamekaa sakafuni, ngoma zao za muheme zimelala ubavuni, kimya, kama waombolezaji waliofika kabla ya maiti.

“Arobaini na moja,” Nyemo akasema. Aliiambia skrini, si wao. Ndivyo alivyokuwa, hata akiomba chumvi, aliiomba kwa kukitazama chungu.

“Kati ya ngapi?” akauliza Mama Semuyinga.

“Mia. Linataka sabini ndipo lipitishe.”

“Mimi shuleni sikuwahi kuifikia hiyo arobaini. Naona tumefaulu.”

Wakacheka wote isipokuwa Shangazi Sechelela. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi, na nyumba ilikuwa yake, na Nyemo alikuwa wake pia, mtoto wa kaka yake aliyemlea tangu hajaota meno ya pili. Studio yao ilikuwa stoo yake ya zamani ya mtama. Kutani alikuwa amebandika trei za mayai, juu hadi chini, alizoziokota kwa wauza chipsi mwaka mzima, kwa sababu mtu fulani alimwambia studio bila trei za mayai ni jiko tu.

“Safari hii linasema nini?” akauliza.

“Lilelile, Shangazi. Tope. Sauti zisizo na mwenyewe.”

Chujio lilikaa juu kilimani, ndani ya jengo jeupe lisilo na madirisha. Kila kilichotaka kusikika kwenye Mtandao wa Sauti kilipita humo kwanza, iwe wimbo, tangazo au salamu za msiba. Lilijengwa kwa nia njema, miaka ile sauti za kughushi zilipojaa hata mtu akawa hamwamini mama yake kwenye simu. Lilisikiliza kila sauti na kuitafutia mwenyewe: hii ni ya fulani, hii ni ngoma, hii ni filimbi. Isiyo na mwenyewe lilihesabu kuwa ni uchafu.

Na Ijumaa Baraza la Maji lingekaa. Baraza halikupokea tena karatasi. Lilipokea sauti, na sauti ilipita Mtandaoni. Siku hiyo lingeamua kama bomba la Chiwondo lifunguliwe, au lifutwe kwenye ramani na watu wahamishiwe kwenye vibanda vya mabati kule tambarare. Mitaa mingine ilipeleka msemaji mmoja. Chiwondo hawakuwa na desturi hiyo. Kwao, anayesema peke yake huonekana ana lake jambo. Neno la wote hutolewa na mmoja, likaitikiwa na wengine, kwa ngoma. Lisiloitikiwa si neno.

“Wamesema sauti isiyo na mwenyewe,” Shangazi Sechelela akarudia taratibu. “Sisi wote humu tuna wenyewe. Mimi mume wangu alikufa, lakini nina mwenyewe.”

“Labda ni huyu Mhehe,” mmoja akasema. “Mhehe akiimba na Wagogo, mashine lazima ishangae.”

“Nyie Wagogo,” Mama Semuyinga akamjibu, “mkipewa maji mnauliza kwanza ng’ombe watakunywa nini. Niacheni nifie mbele ya maiki.”

Simu ya Nyemo ikalia.

2

Aliyepiga alikuwa Amoni Lusito, fundi wa Chujio kule kilimani. Enzi za ujana wake alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya dansi, na yeye ndiye aliyemfundisha Nyemo kazi, kwa simu, jioni moja moja, bila kumdai chochote. Nyemo akaweka simu kwenye spika ili wote wasikie.

“Dada Nyemo, wimbo wenu ni mzuri. Ila unavutika kama mlenda.”

“Najua, kaka.”

“Nilikwambia nini siku ile? Tope halitokani na uchafu. Ni watu wawili kwenye kigoda kimoja. Ngoma zenu zimekaa pale chini, sauti nzito, na kuna kitu kingine kimekaa palepale. Siwezi kukitambua kutoka huku. Mwinue mmoja wao, utasikia.”

“Nimekata besi ya ngoma. Nimezipunguza. Nikizipunguza, wimbo unabaki mifupa.”

Nyuma ya Lusito ilisikika mitambo ikivuma, na maji yakikimbia kwenye mabomba ya kuipoza. Maji hayo zamani yalishuka Chiwondo. Jengo lilipoongezwa, bomba likageuzwa kupanda kilima. Mita iliachwa palepale, kabla ya mahali bomba lilipogeuzwa, ikawa inahesabu maji yote yanayopita na kuandika kuwa Chiwondo wanakunywa kila siku.

“Basi bonyeza Usafi Kamili,” akasema. “Sipendi, lakini Ijumaa si mbali. Chujio litausafisha lenyewe. Likiondoa kitu linajaza pengo kutoka kwenye ghala lake. Utapita.”

Nyemo akabonyeza. Walingoja muda wa kuchambua mchele wa chakula cha mtu mmoja. Skrini ikageuka kijani: tisini na sita.

Vigelegele! Mama mmoja akaipiga muheme yake kofi la furaha. “Tusikie! Tusikie!”

Nyemo akaufungulia wimbo.

Ulikuwa mzuri, hilo hakuna aliyeweza kubisha. Kila sauti ilisimama peke yake, imenyooka, kama nguo zilizopigwa pasi. Shangazi Sechelela alisikika hana ule mkwaruzo aliotoka nao tumboni mwa mama yake. Ngoma zilidunda kavu na safi. Lakini wanawake hawakuonekana kuwa pamoja. Kila mmoja aliimba kama yuko kwenye chumba chake cha hospitali, mlango umefungwa.

Kisha kiongozi akatoa ule mstari mkuu, *Maji, maji yamekwenda wapi*, na chini ya mstari huo, mahali palipokuwa na tope, maji yakaanza kutiririka.

Yalitiririka kweli, taratibu, kama bomba lililofunguliwa uani. Mashine ilikuwa imesikia neno maji ikajaza pengo kwa kadiri ilivyoelewa.

Mama Semuyinga akasimama. Alishika ndoo iliyokuwa mlangoni, akapiga hatua mbili kuelekea uani, ndipo akasimama pale, ndoo mkononi. Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wamekwishageuza shingo kulitazama bomba.

Nyemo akazima.

“Kaka Lusito,” akasema kwenye simu, “umesikia?”

“Nimesikia,” Lusito akajibu. Sauti yake ilikuwa chini. “Siwezi kulizuia Chujio, dada. Liko hivyo kwa wote.”

“Kumbe mitambo yenyewe ndiyo inakunywa maji yetu,” Mama Semuyinga akasema, “halafu inatuimbia inavyokunywa.”

3

Simu ilipokatwa, ugomvi ukaanza.

“Tupeleke huohuo,” Shangazi Sechelela akasema. “Maneno ni yetu. Yatafika. Heri nusu shari kuliko shari kamili.”

“Yatafika na maji chini yake, Shangazi. Watasema hawa wanalia nini, bomba lao linasikika.”

“Na usipopeleka watasikia nini? Kimya chako?” Akamgeukia. “Wewe, Nyemo, kiu utaivumilia. Mimi nina miguu hii. Kule tambarare nitafika nikazikwe.”

Nyemo alitoka nje akaenda kusimama nyuma ya stoo, mahali alipozoea kujificha tangu utotoni, kati ya ukuta na tangi la maji. Lilikuwa tangi jeusi la plastiki, refu kumzidi, limewekwa juu ya matofali. Aliegemea tumbo la tangi kama zamani.

Ndani, mmoja wa wanawake alikuwa anapiga muheme kwa hasira, pigo mojamoja. Kila lilipodunda, Nyemo alisikia mgongo wake unatetemeka.

Akageuka. Akaweka kiganja kwenye tangi. *Dum*, ndani. *Vuuum*, kiganjani.

Akakumbuka nyimbo walizorekodi masika ya mwaka jana, kabla bomba halijageuzwa. Zote zilikuwa safi, hazikumpa kazi. Alidhani wakati ule mkono wake ulikuwa mwepesi zaidi. Sasa akaelewa. Masika yale tangi lilikuwa limejaa, na tangi lililojaa haliitikii. Tope lote lile alilolikata wiki nzima halikuwa tope. Lilikuwa tangi tupu likiitikia ngoma kutoka upande wa pili wa ukuta.

Akarudi ndani akawaeleza, maneno yakimtoka vipande vipande. Shangazi Sechelela akajipiga mapaja.

“Basi si limepatikana! Linyanyueni lipelekwe kwa jirani, turekodi upya, tumalize. Jepesi lile, watu wawili wanalibeba.”

Wanawake wakaanza kusimama. Ilikuwa rahisi hivyo. Wangelihamisha tangi, wangeimba, wangepata sabini yao ya halali, bila maji ya kuazima. Nyemo aliona jinsi ilivyokuwa rahisi, na moyo wake ukakataa kabla kichwa hakijajua sababu.

“Lisihamishwe,” akasema.

“Unasemaje?”

“Lisihamishwe.” Safari hii alimtazama shangazi yake usoni. “Maneno yetu wameshayasikia, Shangazi. Mwaka mzima wameyasikia. Mita yao inasema maji yanafika. Kati ya neno letu na mita, wataamini mita. Lakini hili…” Akaonyesha ukuta. “Hili halijui kusema uongo. Likijaa linanyamaza. Acha lilie mbele yao.”

“Chujio linasema ni uchafu!”

“Chujio linasema halina mwenyewe. Tutalitajia mwenyewe.”

“Na likikataa?” Shangazi Sechelela akamsogelea. “Kesho ndiyo mwisho wa kupeleka. Likikataa, watu wa mtaa mzima watafungasha mizigo kwa sababu ya ubishi wako. Nani kakupa haki hiyo?”

Ule wimbo wa kijani ulikuwa bado kwenye skrini ya Nyemo, na kitufe cha kuutuma chini yake. Akiufuta, amewachagulia watu wote. Akiutuma, amewachagulia pia. Hakuna aliyempa haki hiyo.

Shangazi Sechelela aliona anavyohangaika. Sauti ikalegea kidogo.

“Kama una neno, litoe,” akasema. “Litoe kama linavyotolewa. Tukiitikia, ni letu sote, tutaanguka nalo pamoja. Tusipoitikia, bonyeza hicho kitufe chako.”

Kutoa maana yake ni kuimba mbele. Nyemo hakuwahi kutoa wimbo maishani mwake. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya mashine, kushusha hiki na kupandisha kile, na sauti yake mwenyewe aliijua kwa kuikohoa tu. Akafumba macho.

*Tangi la mtu halimkani mwenyewe,* akaimba, kidogo, kama anayemwamsha mgonjwa. *Tangi la mtu linajua liliponyimwa.*

Hakuna aliyeitikia.

Akarudia. Mstari ukamkatika katikati. Akaumalizia hivyohivyo, umekatika.

“*Linajua,*” Mama Semuyinga akaitikia, ndoo bado mkononi.

“*Linajua,*” wakaitikia wawili.

“*Linajua.*” Sasa walikuwa wanne.

Shangazi Sechelela alisimama ameikunja mikono, akimtazama mtoto wa kaka yake kama anamwona kwa mara ya kwanza. Kisha akainama akaitwaa muheme yake, akaibana katikati ya mapaja, akapiga pigo moja. Upande wa pili wa ukuta tangi likaitikia.

Nyemo akaenda kwenye skrini akaufuta wimbo wa kijani.

4

Alhamisi asubuhi walianza na trei za mayai. Nyemo alizibandua mwenyewe, moja baada ya nyingine, Shangazi Sechelela akigeukia pembeni asione.

“Zinameza sauti nyembamba peke yake,” Nyemo akaeleza, sasa kwa aibu ya kumvunjia mtu kitu chake. “Nzito zinazipita tu. Ni kama kuwafunga watoto midomo ukawaachia walevi.”

“Mwaka mzima nimenuka mayai,” Shangazi Sechelela akasema.

Kisha wakawasha moto uani wakazianika ngoma karibu na miali, ngozi zikajikaza, sauti zikapanda. Ndivyo wanavyofanya siku zote kabla ya ngoma kubwa, ila siku hiyo waliziacha motoni zaidi ya kawaida, mpaka zikaacha kuguna zikaanza kusema. Kigoda cha chini kikabaki kitupu. Hicho kilikuwa cha tangi.

Waliimba wakitafuta mlio wa tangi kwanza. Shangazi Sechelela alipanda kidogo, akashuka kidogo, hadi akakaa juu ya mvumo wa tangi kama anayekaa kwenye kiti chake cha siku zote. Maiki moja ikawekwa ndani, nyingine nje. Na kwa kuwa mvumo wa kuitikia peke yake ulikuwa hafifu, Mama Semuyinga akapewa kazi ya kulipiga. Alijaribu kwa kiganja, akajaribu kwa fimbo, mwisho akavua kandambili yake.

*Buuum.*

“Huyo,” Nyemo akasema. “Huyohuyo, mama. Usimwache.”

Alichanganya sauti hadi adhuhuri. Hakulisafisha tangi hata chembe. Alisafisha kila kitu kilicholikalia. Kwenye ngoma alikata pale tangi lilipokaa, kwenye sauti za waitikiaji akakata kidogo palepale, na mkwaruzo wa shangazi yake akauacha ulivyo. Alipomaliza ulisikika ukuta. Nusura aseme hata vumbi lilisikika. Kilisikika chumba fulani, cha watu fulani, mahali fulani, na nyuma yao kitu kikubwa kitupu.

Akatuma. Skrini ikasimama. Kisha ikauliza, kwa maandishi mekundu: *Sauti moja haijatambuliwa. Jina?*

Nyemo akaandika: Tangi.

*Mwenyewe?*

Akaandika: Mtaa wa Chiwondo.

Wanawake walikuwa wamemzunguka, wanamhemea shingoni. Mama Semuyinga alishikilia kandambili kifuani kama kitabu cha sala.

Sabini na tatu.

5

Jumamosi asubuhi lori la maji likaingia Chiwondo likipiga honi. Amoni Lusito alishuka kutoka kiti cha mbele, mtu mnene mwenye mvi za mapema, akawasalimia kwa Kigogo, “Mbukwenyi,” bila kuinua macho sana.

“Mbukwa,” wakamjibu.

“Wimbo ulipigwa jana Barazani,” akasema. “Wote waliacha kusinzia. Mmoja akauliza ile ni ngoma gani. Nikamwambia ni tangi. Akauliza mbona linalia vile. Nikamwambia, mheshimiwa, kwa sababu ni tupu.” Akajifuta jasho. “Uamuzi umeahirishwa. Wakaguzi watakuja leo mchana kuangalia wenyewe.”

“Na lori?” akauliza Shangazi Sechelela.

Lusito akakuna kisogo. “Wakubwa wangu wamelituma. Wanataka wakaguzi wakifika, tangi liwe limejaa.” Akamtazama Nyemo. “Nilikataa kuja. Kisha nikaona heri nije mimi, niwaambie ukweli, kuliko aje mwingine akae kimya.”

Mmoja wa wanawake akaokota jiwe. Mwingine akaanza kumtukania dereva ukoo. Shangazi Sechelela akainua mkono, akamgeukia Nyemo. Alingoja tu, kama anayengoja mwenzake atoe.

“Jaza, kaka,” Nyemo akasema.

“Nyemo!”

“Mwache ajaze, Shangazi. Tuna kiu.”

Akaingia stoo, akatoka na maiki, akaiegesha kwenye tumbo la tangi. Maji yakaanza kuporomoka ndani. Mwanzoni lilivuma chini kabisa. Kadiri maji yalivyopanda, mvumo ukapanda nao, juu, juu zaidi, mpaka ukawa mwembamba, mpaka ukazima. Lusito alisikiliza kichwa kimeinama upande mmoja, kidole kikimcheza kwenye paja kama kimepata waya wa gitaa.

“Unarekodi nini sasa?” akauliza. “Limenyamaza.”

“Hicho ndicho nilichokuwa nataka. Wakaguzi nitawapigia yote mawili, kilio na kimya.” Nyemo akaukunja waya wa maiki mkononi, taratibu, akatafuta maneno yake na kwa mara moja akayapata yote. “Waambie wakubwa wako hivi, kaka. Sisi wimbo huu hatuupendi. Wakituletea maji kila siku, utakufa wenyewe, na hatutaulilia. Lakini kwa lori moja, haufi.”

Lusito akaitikia kwa kichwa polepole, akapanda lori, akaondoka nalo.

Vumbi lilikuwa halijatulia watu walipoanza kutokea. Walitoka kila kichochoro cha Chiwondo, na ndoo, madumu, sufuria, beseni la kuogeshea mtoto. Hakuna aliyewaita, walisikia maji. Shangazi Sechelela alisimama kwenye koki ya tangi akawagawia mwenyewe, na kila aliyejaza alipisha mwingine. Kina mama walinywea hapohapo kwa viganja. Mbuzi walilamba matofali. Tangi likashuka, likashuka, hata mtu wa mwisho ikabidi aliinamishe.

Jua lilipofika utosini, gari jeupe la wakaguzi likaonekana likija mtaani.

Wanawake wakabana ngoma zao katikati ya mapaja. Nyemo hakurudi nyuma ya mashine. Alisimama mbele yao, mikono mitupu, akivuta pumzi. Na Mama Semuyinga akavua kandambili moja, akalisogelea tangi.